Jinsi ya kutambua eneo la asili lenye kazi kubwa kiikolojia, na namna ya kulilinda mapema

Watu wengi wakisikia eneo muhimu la asili kichwani inawajia picha ya msitu mnene, maporomoko, wanyama wakubwa, yaani mahali ambapo mtu anatoa simu apige picha. Na ndo maana maeneo mengi ya maana yanapotea watu wakiangalia tu, sababu hayavutii macho. Tope la pwani linalonuka maji yakipwa, kidimbwi kinachokauka kila kiangazi, pango lililojaa kinyesi cha popo, uwanda wa nyasi ambao kwenye ramani ya mradi umeandikwa ardhi tupu. Hivi ndo vinaenda kwanza.

Kwa hiyo kabla ya kitu chochote zoea swali moja, ulibebe kila unapokwenda: hapa panafanya kazi gani, na pakiondoka hiyo kazi itafanyika wapi tena? Jibu likiwa hakuna kwingine, au kwingine ni mbali mno, basi hapo ni muhimu hata kama hapana mti hata mmoja. Haya yote nitakayoeleza, kutafuta, kupima, kuchora mpaka, kulinda, yanatoka kwenye hilo swali, na sio lazima uwe na digrii. Mvuvi anaweza, mwalimu anaweza, kikundi cha vijana kinaweza, mwenye shamba anaweza.

Kazi zenyewe ni zipi

Ya kwanza ni kuwa makazi pekee ya kiumbe fulani, na hii ukiielewa vizuri inatisha. Chura wa Kihansi, kule milima ya Udzungwa Tanzania, wanasayansi walimkuta 1996, chura mdogo sana wa manjano anayezaa watoto kabisa badala ya kutaga mayai, na dunia nzima alikuwa anaishi sehemu moja tu, kwenye majani yanayolowana na rasharasha za maporomoko ya korongo moja. Bwawa la umeme likajengwa huko juu, maji mengi yakaelekezwa kwenye mitambo, rasharasha zikapungua. Wakafunga mabomba ya kunyunyizia ili kuiga ile hali ya zamani, ikasaidia kwa muda, lakini mwaka 2003 idadi ikaporomoka ghafla na ugonjwa wa kuvu ukakutwa kwa vyura wenyewe, na 2009 akatangazwa ametoweka porini. Kilichomwokoa ni kwamba mamia kadhaa walikuwa wameshapelekwa Marekani kwenye bustani za wanyama wakazalishwa huko, na 2012 wakaanza kurudishwa kwenye korongo lao. Eneo lenyewe lilikuwa hekta chache tu. Kwa hiyo mtu akikuambia pako padogo mno pasihangaikiwe, mpe hii habari.

Kazi ya pili ni kuwa mazalia au mahali pa kukusanyika. Kiumbe anaweza kuwa ametawanyika nchi kumi lakini anazaa sehemu moja, na ukigusa hiyo sehemu umegusa nchi zote kumi. Ziwa Natron ukiliangalia ni chumvi na magadi, maji yanayochoma ngozi, joto kali, mtu angesema hapa hapafai kwa chochote, ila heroe wadogo, wale flamingo wa waridi, karibu wote wa Afrika Mashariki wanaangulia pale pale, na ni kwa sababu ya huo ukali wenyewe, maana wanyama wanaokula mayai na vifaranga wanashindwa kuwafikia. Pango la Bracken huko Texas lina popo wanaokadiriwa kufika milioni 15 na zaidi, karibu wote mama na watoto wao, na popo hao usiku wanakula nondo wanaosumbua mashamba. Samaki wanaoitwa chewa wa Nassau kule Karibiani wanajikusanya kwa maelfu siku chache baada ya mwezi mpevu wa majira ya baridi, sehemu ile ile kila mwaka, wazae kisha watawanyike. Wavuvi wakishaijua hiyo sehemu wanaweza kumaliza kizazi kizima kwa misimu michache, na sehemu nyingi wamemaliza kweli.

Ya tatu ni kituo cha safari. Ndege wa pwani mwenye mdomo mrefu anayezaa Alaska anaruka zaidi ya kilomita 11,000 bila kutua mpaka New Zealand, halafu akirudi kaskazini anapita kwenye tope la Bahari ya Njano, kati ya China na Korea, ale, ajaze mafuta mwilini, aendelee. Hilo tope kwa miaka mingi lilikuwa linafukiwa kwa ajili ya viwanda, bandari na mabwawa ya samaki, na zaidi ya nusu lilipotea ndani ya miaka 50. Mwaka 2018 China ikazuia sehemu kubwa ya ufukiaji mpya na 2019 sehemu ya pwani hiyo ikaingia urithi wa dunia wa UNESCO. Ona sasa, ndege anapungua New Zealand na chanzo kiko China. Kituo kimoja kikikatika safari nzima imekatika.

Halafu kuna kazi za maji na hewa ukaa. Ardhi oevu zenye mboji, yaani ule udongo mweusi laini wa mimea iliyooza nusu nusu kwa maelfu ya miaka, zinachukua takriban asilimia 3 tu ya nchi kavu ya dunia lakini zimeshika kaboni nyingi kuliko mimea ya misitu yote ikijumlishwa. Na bado hatujamaliza kuzijua. Ile mboji kubwa ya katikati ya bonde la Kongo, kilomita za mraba zaidi ya 145,000, ramani yake ya kwanza ya kisayansi imetoka 2017 tu. Ukichimba mtaro kuikausha inaanza kuoza na kutoa hewa ukaa, na ikishika moto inawaka chini kwa chini wiki nzima au mwezi.

Mapito ya wanyama kati ya makazi mawili, yaani shoroba, wengi wanazijua siku hizi. Msitu au bahari kubwa ambayo bado nzima haijaguswa nayo ni kazi yake peke yake, sababu kuna wanyama wenye kuhitaji nafasi kubwa ambao vipande vipande haviwatoshi.

Ila ngoja niongeze vidimbwi vya msimu maana navipigania sana. Kuna samaki wadogo wenye rangi kali wa Afrika Mashariki na Kusini, wa jamii ya Nothobranchius, wanaishi kwenye vidimbwi vinavyojaa mvua zikinyesha tu. Wanaangua, wanakua haraka ajabu, kuna aina inayoweza kukomaa kwa takriban wiki mbili, wanataga kwenye tope, kidimbwi kinakauka wote wanakufa, na mayai yanakaa kwenye udongo mkavu miezi na miezi yakingoja mvua. Sasa mtu akija kufanya utafiti wa mradi wakati wa kiangazi ataandika nini? Ataandika udongo mkavu, hakuna kiumbe. Na huo udongo umejaa samaki.

Anza na yanayojulikana tayari

Usikimbilie porini. Kaa chini na simu au kompyuta angalia nini kimeshaandikwa. Kuna ramani ya dunia ya maeneo muhimu kwa bayoanuwai, yaani kwa wingi wa aina za viumbe, yanaitwa kwa kifupi KBA, sasa yamepita 16,000, inafunguka bure kwenye intaneti, na Protected Planet inaonyesha hifadhi zilizosajiliwa. Orodha Nyekundu ya IUCN, lile shirika la kimataifa la uhifadhi, itakuambia kiumbe gani yuko hatarini na anaishi wapi. Kwenye eBird na iNaturalist kuna rekodi za watu wa kawaida zenye tarehe na mahali. Google Earth ina picha za setilaiti za miaka ya nyuma, zirudishe nyuma uone msitu ulikuwa unaishia wapi, mto ulikuwa unapita wapi, nyasi zimekuwepo muda gani.

Ila uangalie hili. Ramani kuwa tupu haina maana kwamba eneo ni tupu, mara nyingi ina maana hakuna mtu aliyewahi kwenda kuangalia, au alikwenda mara moja mchana akaondoka. Hapo ndo kazi yako inapokuwa na thamani kubwa kuliko ya mtu anayerudia kuhesabu hifadhi maarufu.

Afu nenda kwa watu. Wafugaji, wavuvi, warina asali, waganga wa miti shamba, wachota maji, wawindaji wa zamani. Vipepeo wa monarch wanaosafiri kutoka Kanada na Marekani, wanasayansi walihangaika miongo mingi kujua wanakwenda wapi majira ya baridi, mpaka Januari 1975 ilipopatikana miti iliyofunikwa na vipepeo kwenye milima ya kati ya Mexico, na wenyeji wa milima hiyo siku zote walikuwa wanawaona wakija kila mwaka. Elimu ilikuwepo, hakuna aliyeuliza.

Kuuliza nako kuna namna. Usianze na "kuna wanyama adimu hapa?" sababu kila mtu atakujibu anachodhani unataka kusikia. Uliza vitu vya maisha: maji ya mwisho kukauka ni ya wapi, wapi hamruhusiwi kukata na kwa nini, samaki wanene wanaonekana mwezi gani na upande gani, ndege gani mlikuwa mnamsikia utotoni sasa hamumsikii, nyuki wanapata maua wapi wakati kila kitu kimekauka. Beba picha za viumbe na uchanganye na za viumbe ambao haiwezekani kabisa wawepo pale, mtu akizikubali zote unajua uyachukulie majibu yake kwa tahadhari. Waulize wanawake na wanaume tofauti, wazee na vijana tofauti, maana wanaotumia eneo ni tofauti na wanachoona ni tofauti. Na mtu akikupa siri ya mahali patakatifu au pa dawa, siri ni yake, usiiweke kwenye ramani bila ruhusa.

Kwenda kuangalia kwa macho

Omba ruhusa kwanza, kwa mwenye ardhi, kwa uongozi, kwa mamlaka kama ni hifadhi. Kama utakamata au kukusanya kiumbe chochote unahitaji kibali rasmi, ila kwa kazi ya mwanzo hauhitaji kukamata chochote, macho, masikio, kamera na daftari vinatosha.

Chagua njia au vituo vichache ambavyo utaweza kuvirudia vile vile mwakani na mwaka unaofuata. Hii ni muhimu kuliko kuzunguka kote mara moja. Kila ukienda andika tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, hali ya hewa, nani alikuwepo, umetembea wapi, umeona nini na wangapi, na andika pia ambacho ulikitafuta hukukiona, watu wengi wanaruka hiyo halafu baadaye hawajui kama kiumbe hakuwepo au hakutafutwa. Weka alama ya GPS ya simu. Piga picha ya jani mbele na nyuma, ua, gome, na mti mzima, sio ua peke yake. Rekodi sauti, vyura na ndege wa usiku wanajulikana kwa sauti kuliko kwa macho, na mtaalamu anaweza kusikiliza akiwa mbali akakuambia ni nani.

Nenda mvua na nenda kiangazi, nenda alfajiri, nenda usiku na tochi. Pwani nenda maji yakijaa na yakipwa. Eneo lililotembelewa mara moja linadanganya, ule mfano wa kidimbwi umeshauona.

Kuna dalili ambazo hazihitaji uzijue spishi kwa majina. Miti mizee yenye mashimo na magogo yanayooza msituni, hiyo ni dalili ya msitu uliokaa muda mrefu na ndani ya hayo mashimo wanaishi ndege, popo, nyuki na kuvu wengi. Geuza mawe ya mto taratibu, ukikuta vibuu vya wadudu vya aina nyingi vimejibandika chini yake maji yana hewa ya kutosha na ni safi, ukikuta minyoo tu ya tope kuna tatizo huko juu. Kwenye nyasi angalia mimea mifupi inayotoa maua baada ya moto na ambayo chini ina mizizi minene kama mti uliozikwa, hiyo ni nyasi ya kale, inachukua karne kujitengeneza na ikilimwa mara moja hairudi katika umri wa mtu.

Na usiwe wewe ndo uharibifu. Osha viatu na vifaa vyako na uvikaushe kabisa kabla ya kutoka bwawa moja kwenda lingine, ule ugonjwa wa kuvu unaoua vyura unasafiri na tope. Usiingie pango la popo wakati wana watoto. Usisogelee ndege wanaolalia mayai kwa makundi, wakiruka kwa hofu dakika chache jua linatosha kuua vifaranga.

Kupima uzito wake

Ukishakuwa na data linganisha na vigezo vinavyokubalika duniani, sababu ofisini neno "muhimu" peke yake halimsogezi mtu. Kiwango cha kimataifa cha KBA kilitolewa na IUCN mwaka 2016 na kina namba wazi. Kwa mfano eneo likiwa na angalau asilimia 0.5 ya viumbe wote waliobaki duniani wa spishi iliyo hatarini au hatarini zaidi, pamoja na jozi au makundi yasiyopungua 5 yenye uwezo wa kuzaa, linaingia. Spishi yenye makazi finyu, hata kama haiko hatarini, kigezo ni asilimia 10 ya idadi yake duniani. Kwa ardhi oevu kuna Mkataba wa Ramsar uliosainiwa Iran tarehe 2 Februari 1971, unaangalia mambo kadhaa, mojawapo ni kama kwa kawaida kuna ndege wa majini 20,000 au zaidi, jingine ni kama kuna asilimia 1 ya ndege wa aina moja au jamii moja yao.

Sasa asilimia 1 ya ndege ambao wamebaki wachache inaweza kuwa ndege makumi kadhaa tu. Watu wanadharau kundi dogo kumbe kwa hesabu hii limepita kiwango. Kwa hiyo kabla hujasema ni wachache angalia makadirio ya idadi yao dunia nzima.

Na eneo likikosa vigezo vya dunia usilitupe. Chemchemi inayonyweshea watu wengi na mifugo yao, au kipande cha mwisho cha aina fulani ya msitu katika wilaya nzima, kina uzito wake wa mahali hapo na sheria za nchi nyingi zinautambua. Mi naona hata kundi la namba halitoshi bila ile sentensi moja: hapa ndo pekee panapofanyika jambo hili katika eneo la ukubwa huu. Andika hiyo sentensi kwanza kwenye ripoti yako, namba zifuate.

Mpaka uchorwe wapi

Hapa ndo panaharibika mara nyingi. Mtu anachora duara kuzunguka anachokiona, msitu wenyewe, bwawa lenyewe, basi. Kazi ya eneo inategemea vitu vilivyo nje ya duara.

Mfano bora ninaoujua ni Devils Hole, shimo la maji jangwani Nevada. Ndani yake kuna samaki mdogo asiyeishi porini popote pengine duniani, na anategemea sehemu moja ya mwamba yenye maji mafupi kwa kula na kuzaa. Shimo likawekwa chini ya hifadhi mwaka 1952, likalindwa vizuri tu. Halafu kilomita kadhaa kutoka hapo, nje kabisa ya mpaka, visima vya shamba vikaanza kuvuta maji ya chini, kina kikashuka, ule mwamba ukaanza kuanikwa. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani na mwaka 1976 ikaamuliwa uvutaji wa maji uwekewe kikomo ili kina kibaki cha kumtosha samaki. Uzio ungefanya nini pale? Hakuna.

Kwa hiyo ukichora fuata kazi. Kama kazi inategemea maji, panda juu uone maji yanatoka wapi, na chini ya ardhi pia. Kama ni mazalia, jumlisha mahali wazazi wanapokula, sababu ndege anaweza kulala hapa na kula mbali. Kama ni msitu acha ukanda wa kinga pembeni maana kwenye kingo jua na upepo vinaingia, miti mikubwa inaanguka, mimea vamizi inapata mlango, na msitu mdogo sana unaweza kuwa wote ni kingo bila kiini. Na bahari inapanda na joto linapanda, mikoko inahitaji nafasi ya kurudi nyuma kuelekea bara, ukijenga ukuta nyuma yake umeihukumu.

Ikibidi chora mipaka miwili, wa kiini ambako hakuguswi na wa nje ambako matumizi yanaendelea kwa masharti. Huo wa nje ujadiliwe na wanaoutumia hadi mti gani na mwezi gani.

Kulinda kwenyewe

Kabla hujachagua namna ya kulinda jua tishio halisi ni lipi, usiende na suluhisho ulilolisikia mahali. Unaweza kuweka walinzi kwenye msitu ambao tatizo lake ni mmea vamizi, na ukapanda miti kwenye nyasi za kale ambako miti yenyewe ndo tishio. Hilo la miti nalisisitiza sana sababu linafanywa kwa nia nzuri na sherehe. Kwenye nyasi za asili na kwenye mboji ambayo kwa asili haina msitu kupanda miti ni kuharibu, acha kabisa.

Sehemu kubwa ya maeneo haya tayari yana watu, na mara nyingi yamebaki mpaka leo kwa sababu ya hao watu. Misitu ya kaya ya Wamijikenda pwani ya Kenya imelindwa na miiko na wazee muda mrefu kabla haijaingia urithi wa dunia 2008. Kaskazini mwa Ethiopia sehemu nyingi msitu uliobaki ni ule unaozunguka makanisa. Azimio la Umoja wa Mataifa la haki za watu wa asili la 2007 linataka ridhaa yao itolewe kwa hiari, mapema na wakiwa na taarifa kamili, na hata pasipo sheria hiyo ndo njia yenye akili, maana ukimfukuza aliyekuwa analinda umeondoa mlinzi na umeleta adui. Kwa hiyo kikao cha kwanza kiwe nao, na ramani yako iwe rasimu ya penseli wanayoweza kuifuta.

Namna za kulinda ni nyingi na hifadhi ya taifa ni mojawapo tu. Kwa chewa wa Little Cayman, kisiwa cha Karibiani, ilitosha kufunga uvuvi kwenye lile kusanyiko la uzazi kuanzia 2003, wanasayansi wakawa wanahesabu kila mwaka, na kufikia mwisho wa muongo uliofuata samaki walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tatu. Kwa popo wa Bracken kulikuwa na mpango wa kujenga nyumba takriban 3,500 jirani na pango, mashirika ya uhifadhi na jiji la San Antonio wakachangia kununua ile ardhi mwaka 2014. Kwingine ni sheria ndogo ya kijiji, msitu wa jamii, mkataba na mwenye shamba unaobaki kwenye hati hata akiuza, au mwiko wa zamani uliopewa karatasi. Tangu 2018 kuna utambuzi wa kimataifa wa maeneo yanayohifadhi vizuri ingawa hayaitwi hifadhi, na yanaweza kuhesabiwa kwenye lile lengo la dunia lililokubaliwa Desemba 2022 la kulinda asilimia 30 ya nchi kavu, maji baridi na bahari kufikia 2030. Tumieni hiyo nafasi. Serikali zinatafuta maeneo ya kufikisha hiyo asilimia, na ni rahisi kwao kuchagua vilele vya mawe na majangwa ambayo hakuna anayeyagombea, kama hakuna mtu aliyeleta data ya mahali penye kazi kweli.

Mradi ukija, barabara, mgodi, bwawa, hoteli, kuna tathmini ya athari kwa mazingira na kwa kawaida kuna muda wa wananchi kutoa maoni. Muda huo mara nyingi ni mfupi na unapita kimya. Fuatilia matangazo. Maoni yako yaseme kitu kinachoshikika: eneo lipi kwa ramani, linafanya kazi gani, ushahidi huu hapa na tarehe zake, utafiti wao ulifanyika msimu gani na ulikosa nini, na unataka wafanye nini. Kuna mpangilio unaokubalika kote, kwanza kuepuka, wakishindwa kupunguza, halafu kurekebisha, na kufidia ni mwisho kabisa. Miradi mingi inarukia kufidia, wanasema tutapanda miti kwingine. Kwa kazi ambayo haifanyiki kwingine fidia haipo, na hapo ndo ile sentensi yako ya mwanzo inafanya kazi yake. Ukiweza pendekeza njia mbadala, kusogeza barabara mita mia kadhaa au kusimamisha ujenzi miezi ya kuzaliana mara nyingi kunakubalika kirahisi kuliko kupinga kila kitu, ila kama hakuna mbadala sema hakuna, usilegeze kwa kuona aibu.

Jambo moja la tahadhari. Sio kila kitu kinatangazwa. Okidi, kobe, mimea ya sikadi, ndege wa kufugwa, viota vya tai, ukiweka mahali halisi kwenye mtandao wezi wanafika kabla ya mhifadhi. Zima mahali kwenye picha zako, tumia mpangilio wa kuficha kwenye iNaturalist, na data kamili wape wanaohusika tu kwa mkono.

Baada ya kulindwa

Bango likishasimama watu wanatawanyika, na hapo maeneo mengi yanakufa polepole yakiwa na jina la hifadhi. Rudia zile njia na vituo vyako vile vile, msimu ule ule, kwa muda ule ule wa kutembea. Chagua vitu vichache vya kufuatilia ambavyo vinahusu ile kazi moja kwa moja. Kama ni mazalia hesabu viota, au sauti, au samaki waliokusanyika, kama ni maji pima kina kwa kijiti chenye alama na uandike siku, kama ni nyasi piga picha kutoka jiwe lile lile kila mwaka. Mmea vamizi ung'oeni ukiwa bado mchache, ukishatapakaa gharama ni nyingine kabisa. Moto kwenye nyasi nyingi ni sehemu ya maisha yake na kuuzima kila mara kunaleta vichaka, lakini kwenye mboji na msitu wa mvua ni maafa, kwa hiyo kanuni ya moto iendane na mahali.

Data zihifadhiwe sehemu mbili au tatu na wajue kuzisoma watu zaidi ya mmoja, zipelekwe pia kwa wanaosimamia KBA nchini kwenu na kwenye eBird au iNaturalist ili zisife na simu yako. Namba zikishuka msimu mmoja usipige kelele bado, viumbe wengi wanapanda na kushuka na mvua. Zikishuka misimu mitatu mfululizo, au zikishuka ghafla na maji nayo yameshuka, rudi kwenye ramani uangalie nje ya mpaka kwanza, nani amechimba kisima, nani amefungua mtaro, nini kimejengwa huko juu ya mto, kisha ndo uje ndani.